Sentimita Arobaini za Udongo

Mume wangu ni fundi rangi, na hesabu zake zote huzipiga ukutani kwa penseli. Siku alipoamua kuweka tuta la mboga juu ya paa letu la zege, aliandika kando ya mlango: urefu mita tatu, upana mita moja, kina sentimita arobaini. Akazidisha.

"Viroba arobaini vya lita thelathini, na hakibaki kitu," akasema, kichwa juu kama aliyefaulu mtihani.

Ujazo ulikuwa sahihi. Uzito hakuna aliyeuuliza, nami nikiwemo. Viroba kumi na viwili nilivipandisha mwenyewe.

Jumamosi mchana mvua ikashuka. Nilikuwa chumbani kwa mama mkwe, ambaye kiharusi kimemlaza mwaka wa pili sasa, nikishona pindo la sare ya mteja huku nikimpa umbea wa mtaa. Kitu cheupe kikadondoka juu ya kitambaa. Nikakipangusa. Kikadondoka kingine. Nilipoinua macho, ufa ulikuwa umeikata dari kutoka dirishani hadi juu ya kitanda.

Nikaweka sindano chini.

"Kuna nini?" mama akauliza. Ulimi wake ni mzito, lakini macho hayajambo.

"Hamna kitu, mama. Chokaa tu."

"Chokaa tu, na wewe unatetemeka hivyo?"

Juu yetu kitu kikalia *ka!* Nikapiga yowe. Mume wangu akaja, akatazama mara moja, akachukua sepetu na kukimbilia ngazi ya paani.

"Usipande!" Nilimvuta shati hadi vifungo vikaruka. "Udongo umeshiba maji, na wewe unaenda kuongeza kilo zako themanini? Shika godoro!"

Tukamburuta mama na godoro lake. Mlangoni likakwama. Vumbi lilinimwagikia shingoni, na sikuthubutu kugeuka.

"Niache, mwanangu. Tokeni nyie," mama akasema.

"Mama, nyamaza!"

Sikuwahi kumsikia mume wangu akimjibu mama yake hivyo. Akalikunja godoro upande mmoja, akavuta kwa nguvu zake zote, tukaangukia ukumbini wote watatu. Nyuma yetu bonge la plasta likaporomoka juu ya kitanda kitupu.

Zege lenyewe halikuanguka. Jirani yetu mwashi alikuja na nguzo, akaegemeza dari kabla ya kumruhusu mtu yeyote kupanda.

"Udongo ukiwa mkavu tu ni mzito," alisema. "Ukilowa, usiseme. Hapo mlimwekea mzazi wenu tani mbili juu ya kichwa."

Mume wangu akakaa chini kwenye sakafu, akalia mbele za watu.

Tuliushusha udongo ndoo kwa ndoo, siku tatu. Mboga zimeota uani, na mama analala sebuleni. Lakini wingu likitanda tu, naacha cherehani na kwenda kuikagua dari ya sebule, ambayo juu yake hakuna kitu. Mume wangu huniona, naye huinua macho kuitazama.