Uzito wa Maji ya Mumosho

Jua likichomoza ng'ambo ya mto Ruzizi, halianzi na bati la kanisa, wala halianzi na kipara cha chefu wetu wa kijiji, ingawa nacho kinang'aa. Linaanza na wewe, maji yangu. Linakukuta chini ya jiwe lako, unatoka taratibu, unameremeta, huna haraka na mtu. Nami nimeinama na debe, nakuuliza lile lile la kila siku: maji, umetoka wapi?

Hujibu. Unajaza debe, basi.

Mimi ni Adolphine. Kwenye kitambulisho nina jina lingine, maana miaka ile ya Zaïre majina ya ubatizo yalipigwa marufuku, hata padre aliniita Adolphine kwa kunong'ona, kama mtu anayeuza magendo. Lakini Mumosho yote ilinijua: prezidenti wa akina mama wa chemchemi. Anayefua nepi juu ya maji, namfukuza. Anayeleta mbuzi, namfukuza yeye na mbuzi wake. Nilikuwa na mdomo, sikatai.

Ndipo papa Floribert, mwenye ng'ombe wengi kuliko wote, akataka kuchimba shimo la kuwaogeshea dawa ya kupe. Akachagua wapi? Kule juu, kwenye kilima, mgongoni mwako! Ng'ombe mia na ishirini, kila wiki, katika dawa inayonuka hadi macho yanatoka machozi. Ikimwagika, itaenda wapi? Nikapiga kelele. Floribert, koti lake la abacost limembana shingo, akajibu kwa upole ule unaokera.

"Maman, hii maji haitoki kwa kilima. Inatoka kwa ziwa. Inapita chini ya udongo, inatokea hapa. Ng'ombe yangu inakukosea nini?"

Na kweli, jamani, ziwa liko juu yetu. Ruzizi inashuka kutoka huko. Chefu akakuna kipara, akasema waje wenye elimu. Maji yakiwa ya ziwa, Floribert achimbe. Yakiwa mvua ya kilima, akachimbe kwingine.

Maji, umetoka wapi? Safari hii sikuuliza kwa mazoea.

Akaja citoyen Mushagalusa, yaani raia Mushagalusa, mtu wa utafiti, mwembamba, miwani yake imefungwa uzi. Akachuchumaa kando yako, akaniambia jambo ambalo hakuna aliyewahi kuniambia.

"Kuna maji nyepesi na maji nzito, maman. Yote iko maji, yote inanyweka, ulimi hauwezi kutambua. Ile tofauti tunaita isotopu. Mvua ya kilima iko nyepesi. Ziwa iko nzito. Tutatuma chupa Ulaya, mashine itapima."

Nikampenda hapo hapo. Maisha yangu yote nakuuliza wewe, kumbe kuna mashine inayokujua!

Akaniachia chupa tatu, nizijaze mvua ikishapita, kwa sababu gari lake halikuwa na esansi ya kuja mara ya pili. Akaniusia kama mama anayemuaga binti anayeolewa: jaza mpaka juu kabisa, hewa isibaki, funga, ziba kwa nta. Nikasema ndiyo. Nikarudia kila neno. Hakuna alichosahau kuniambia, isipokuwa kimoja.

Sasa nisikilizeni, nanyi mnihukumu. Ulaya! Maji yetu yanakwenda Ulaya! Je, mgeni akija kwako unampa maji mabichi? Masista wa dispensaire walitufundisha miaka kumi: maji ya mgeni yanachemshwa. Nami nipeleke maji ghafi, yenye majani na mguu wa panzi, wazungu wafungue chupa waseme nini juu ya watu wa Mumosho?

Nikakuchemsha. Ee maji yangu, nilikuchemsha kwa mapenzi. Nikaweka kuni za mkaratusi, nikakutokosa tangu kengele ya misa ya kwanza hadi adhuhuri, mvuke ukajaa jikoni, ukalowesha picha ya Bikira Maria, na sufuria kubwa ikabaki robo. Nikakuchuja kwa kitenge kipya. Nikajaza mpaka juu, hewa isibaki, nikafunga, nikaziba, nikampa dereva wa lori ampelekee Mushagalusa. Sijawahi kuona maji safi namna ile. Nusura nilie.

Miezi minne ikapita. Barua ikaja, na Mushagalusa akaja nayo, akaisoma mbele ya watu wote pale kwa chefu. Maji ya Mumosho ni mazito. Mazito kama ziwa.

Floribert alirusha kofia. Watu wake walikuwa wamekwisha kuanza kuchimba kilimani tangu wiki moja kabla, maana mwenye ng'ombe hangoji barua. Sasa akaagiza mtungi wa kasiksi, ile pombe ya ndizi. Nami nilikukasirikia, maji wewe, sitaficha. Nilisema moyoni: msaliti! Miaka yote nimekulinda na mbuzi, leo unasimama upande wa ng'ombe?

Maman Eulalie, jirani yangu, hakuridhika. Akauliza, "Lakini hiyo uzito inatoka wapi?"

Mushagalusa akavua miwani. "Ni jua, maman. Jua inapiga ziwa, yenye iko nyepesi inapanda kwanza kwa hewa, yenye iko nzito inabaki. Kama sufuria kwa moto. Ukichemusha sana, yenye inabaki chini ndiyo nzito."

Kama sufuria kwa moto.

Yesu, Maria na Yosefu. Nikaona sufuria yangu. Nikaona robo yangu. Watu walikuwa wanakunywa, hakuna aliyenitazama, na ningeweza kunyamaza. Nani angejua? Wewe tu, na wewe hujibu. Mimi prezidenti, mimi mwenye mdomo, nisimame mbele ya wote niliowahi kuwafukuza, niseme ni mimi niliyekuharibu? Afadhali ardhi ipasuke. Lakini mficha uchi hazai, na kule juu majembe yalikuwa yanalia.

Nikasimama. "Nilichemusha."

"Ulichemusha nini?"

"Ile ya chupa. Yote tatu."

Mushagalusa aliketi chini, pasipo kiti. "Maman Adolphine. Ulichemusha maji ya laboratoire?"

"Ulitaka nipelekee wageni maji mubichi?"

Walicheka, ee! Chefu alicheka hadi kipara kikawa chekundu. Eulalie alining'ang'ania begani asianguke. Nilisimama katikati yao, uso unawaka, na mtu mmoja tu hakucheka: Floribert, aliyekuwa anaanza kuelewa.

Uchimbaji ukasimamishwa, chupa zikajazwa upya, mbele ya mashahidi, Floribert mwenyewe akiziba nta. Mimi walinikalisha mbali na moto wowote.

Barua ya pili ilifika mwanzo wa mvua. Mepesi. Mvua ya kilima, maji mepesi. Wanawake walipiga vigelegele, Floribert akaukunja uso, akasema sawa, sheria ni sheria. Lakini Mushagalusa alikuwa hajamaliza. Akasema kuna chembe nyingine ndani ya maji, inayopungua mwaka kwa mwaka, na ile mashine imeihesabu. Maji tunayokunywa leo yalianguka juu ya kilima miaka ishirini iliyopita.

Nilipiga hesabu kwa vidole. Miaka ishirini nyuma nilikuwa msichana mwenye kifua bapa. Miaka ishirini mbele... Basi dawa ya Floribert ingeteremka polepole, gizani, na sisi tungekunywa maji mazuri tukimsifu mpaka tuzikwe, na siku ya kutokea pale chini ya jiwe, mnywaji angekuwa mtoto ambaye mama yake leo bado hajaota meno vizuri.

Jioni ile ile nilipanda na jembe kufukia yale mashimo waliyoanza kuchimba. Salongo, ile kazi ya pamoja ya lazima, lakini safari hii bila kuamriwa na mtu. Eulalie alikuja, na wengine, mvua ikatukuta huko. Kisha nikasikia mtu anahema nyuma yangu. Papa Floribert, suruali imekunjwa magotini, anasukuma udongo kwa koleo, ananung'unika juu ya kupe, juu ya wazungu, juu yangu.

Udongo ulipojaa, akaanza kuushindilia kwa miguu, huku maji yanamtiririka usoni na kuingia ardhini.

"Kanyaga muzuri, papa," nikamwambia. "Kuna mutu anangojea hii mvua."