Shangazi wa Kwenye Tamthilia

Yustina hakuwa mtu wa televisheni. Ile aliyoachiwa na marehemu kaka yake, Fabiano, aliifunika kitambaa cha kudarizi na juu yake akaweka redio. Lakini jirani yake Catherine alipokuja kumwambia kwamba kuna tamthilia ya majambazi inayoandikwa na Witness, na kwamba jina la Witness linapita mwishoni kwa maandishi meupe, aliiondoa redio, akakunja kitambaa, akamwita fundi kutoka Ikungi aje kumfungia king'amuzi.

Witness alikuwa binti wa Fabiano. Mama yake alifariki yeye akiwa bado ananyonya, na Yustina, ambaye ndoa yake ya Misigiri ilikuwa imevunjika bila mtoto, alirudi nyumbani Issuna akamlea yeye na kaka yake Gervas. Alimbeba mgongoni hadi akawa mzito wa kubebwa. Alimfundisha Kinyaturu na Kiswahili kwa pamoja, na mtoto akakua akivichanganya, kila mtu akicheka isipokuwa Yustina, aliyemwelewa.

Fabiano alikuwa na mashine ya kukamua alizeti kando ya barabara kuu. Alipofariki, Gervas alitaka ihamishiwe Singida mjini, yeye akiwa msimamizi. Yustina ndiye aliyekuwa akiiendesha tangu kaka yake alipoanza kuugua. Alikataa, akabadilisha kufuli. Wazee wa ukoo wakakaa kikao, na humo Witness, aliyekuwa ndio kwanza ametoka chuo, akasimama upande wa kaka yake.

"Shangazi, wewe uliolewa ukarudi," alisema. "Hapa ni kwa baba yetu."

Yustina akajibu, "Na wewe nilikulea kwa kukosa kazi ya kufanya."

Wazee waliamua mashine ibaki pale ilipo, mikononi mwa Yustina. Kwa hiyo alishinda. Gervas alihamia Manyoni akafungua duka la vipuri vya pikipiki. Witness alipanda basi la Dar es Salaam asubuhi iliyofuata, na tangu hapo, mwaka wa nne sasa, salamu zake zilikuja sikukuu ya Krismasi tu, kwa ujumbe mfupi wenye adabu, kama wa mtu anayemwandikia mwalimu wake wa zamani.

Tamthilia ilikuwa ya ukoo mmoja tajiri wa Dar es Salaam, wafanyabiashara wa magendo ya dhahabu. Mkuu wa ukoo alikufa katika sehemu ya kwanza, na kiti chake, badala ya kwenda kwa mtoto wake wa kiume, kikachukuliwa na dada yake, Bi Semeni. Alikuwa mwanamke mkatili. Alitoa amri watu wapotezwe, akamfukuza mpwa wake nyumbani, dada wa mpwa huyo akaenda Afrika Kusini asirudi, akawaweka polisi mfukoni. Aliyemwigiza alikuwa mwembamba, mwenye pete vidole vitatu, hafanani na Yustina hata kidogo.

Lakini alifunga funguo zake kwenye pindo la khanga. Alikaa daima akiuelekea mlango. Na kila alipoletewa mtu mwenye kesi, hata yule ambaye tayari alikuwa ameamua auawe, alimsogezea sahani na kumwambia, "Kula kwanza."

Yustina aliposikia maneno hayo mara ya kwanza aliinuka akazima televisheni. Yalikuwa maneno yake. Witness alipofeli mtihani, aliambiwa ale kwanza. Alipopigana shuleni, alipotokwa na damu ya kwanza akadhani anakufa, alipofiwa na baba yake, aliambiwa hivyo hivyo, na chakula kikawekwa mbele yake kabla ya swali lolote.

Kijiji nacho kilitambua. Wakulima walioleta magunia mashineni walianza kumsalimia, "Shikamoo Bi Semeni," wakacheka. Catherine alimshauri apige simu alalamike.

"Nilalamike kwa nani?"

"Kwa huyo mtoto. Amekufanya jambazi."

Yustina hakupiga. Jumapili iliyofuata alitoka kanisani mapema akawahi marudio ya mchana, na Jumapili baada ya hiyo pia. Alizoea. Bastola na magari yanayofukuzana hayakumshughulisha. Hapo aliendelea kuchambua mchele. Alichosubiri ni Bi Semeni akiwa peke yake, kwa sababu katika vipande hivyo, ambavyo Catherine aliviona vinachosha, Witness alikuwa ameweka vitu ambavyo hakuna mtu mwingine duniani aliyevijua. Kuna siku yule jambazi alivuta sanduku kutoka uvunguni akatoa gauni la mtoto, akalinusa, akalirudisha. Yustina alikuwa na gauni kama hilo. Alilinusa mara moja tu, zamani, Witness alipokwenda shule ya bweni, akiamini nyumba nzima imelala.

Kumbe mtoto alikuwa mlangoni. Na siku ile ya kikao, Yustina alipomwambia amelelewa kwa kukosa kazi, mtoto huyo alikuwa anajua ni uongo. Alijua, na bado aliondoka. Yustina alilibeba jambo hilo wiki nzima kazini, akipima mbegu, akijaza madumu, na halikumwishia.

Simu ilikuja mwezi wa tano, mchana, mashine ikiwa inanguruma. Alipoona jina alitoka nje, akaenda hadi kwenye lundo la mashudu ya alizeti nyuma ya banda.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Hujambo?"

"Sijambo. Nasikia mashine. Mna kazi."

"Alizeti imeanza kuingia."

"Shangazi, unaiangalia ile tamthilia?"

"Kila Jumapili."

"Umenikasirikia?"

"Mwanzoni nilikasirika," alisema Yustina. "Sasa ikikatika umeme ndiyo nakasirika."

Witness alicheka, kicheko kifupi kilichokatika vibaya. Kisha akaeleza. Wenye tamthilia walitaka Bi Semeni afe. Mpwa wake arudi, ampige risasi, akalie kiti. Watazamaji wanasubiri hilo. Yeye alipewa aandike, na kila akikaa kuandika, anashindwa.

"Mbona umewaua wengi tu?" Yustina aliuliza.

"Hao sikuwajua."

Yustina alisogea kivulini. Aliwaza juu ya Gervas kule Manyoni, ambaye hakuwahi kuja hata kwenye misa ya kumwombea baba yake. "Huyo kijana," alisema, "lazima amuue?"

"Wamesema lazima."

"Na yule dada yake, uliyempeleka Afrika Kusini. Siku hiyo yuko wapi?"

"Hayumo. Mkataba wa mwigizaji umekwisha."

"Basi muue," alisema Yustina. "Ni mchezo tu, mimi sitakufa. Lakini usimfanye aombe msamaha kwa huyo kijana, wala asimwogope. Yeye hamngoji huyo."

 

"Shangazi," Witness alisema, "mwaka juzi nilipanda basi kuja nyumbani. Basi lilipita hapo Issuna. Nilikuona kupitia dirisha la basi, umesimama na mtu mwenye baiskeli, unapepeta mbegu kwenye ungo. Sikushuka. Nilifika Singida mjini nikalala gesti, asubuhi nikapanda basi la kurudi. Wakati wa kurudi hukuwepo nje."

Yustina alijaribu kuikumbuka siku hiyo. Ilikuwa siku kama nyingine, mabasi yalipita tangu asubuhi, na yeye alikuwa ameacha kuyatazama mwaka wa kwanza tu, kwa sababu kila lililopunguza mwendo lilimchosha.

"Ungepiga kelele konda akasimamisha," alisema.

"Ningesema nini nikishashuka?"

"Hungesema. Ungekula kwanza."

Hapo Witness alilia, na Yustina alimngoja amalize, simu sikioni, akiondoa makapi kwenye khanga yake kwa mkono mwingine.

Sehemu ile ilirushwa wiki chache baadaye. Nyumba ilijaa majirani. Catherine alileta viti vyake. Mpwa aliingia na bastola, Bi Semeni akamsogezea sahani, na kijana akala kabla ya kufyatua. Aliyeanguka hakuomba msamaha. Macho yake yalipita begani mwa kijana, yakabaki kwenye mlango ambao hakuna aliyeupita. Mzee mmoja akavua kofia. Yustina aliona aibu kulia kwa ajili ya jambazi mbele ya watu, akaenda jikoni kuinjika chai.

Witness alikuja mwezi wa saba, siku ya Ijumaa. Alishuka na begi dogo, akapiga goti kidogo kusalimia, kama alivyofundishwa. Alikuwa amenenepa mashavu. Wote wawili waliona haya. Walizungumzia bei ya mbegu, vumbi, na Gervas, ambaye Witness alikuwa amempigia akamkuta hataki kusikia habari za Issuna.

"Atakuja?" Yustina aliuliza.

"Sidhani, shangazi. Si sasa."

Yustina alitikisa kichwa. Alikuwa amemlea na huyo pia.

Suala la kikao, hakuna aliyelifungua. Witness alianza mara moja tu, "Yale niliyosema," na Yustina akamjibu kwa Kinyaturu kwamba ugali unapoa. Angerudi Dar es Salaam Jumatatu. Alikuwa na tamthilia nyingine ya kuandika.

Jumamosi mchana, baada ya chakula, Witness alijilaza kwenye kitanda chake cha zamani, chumba kile kinachopakana na banda la mashine, akapitiwa na usingizi. Yustina alimchungulia mlangoni. Alilala kama alivyolala utotoni, mkono mmoja chini ya shavu, mdomo wazi. Nje kulikuwa na wakulima watano na magunia yao, wengine walitoka mbali tangu alfajiri.

Yustina alizima mashine.

"Kuna nini, mama?" mmoja aliuliza.

"Imeharibika," alisema. "Kaeni kivulini."

Alichukua kigoda, akakiweka kwenye kizingiti cha chumba, akakaa akisikiliza pumzi za mtoto. Kila mkulima alipoinuka kuja kuuliza, alimwashiria kwa kidole asubiri.