Florentine Nyuma ya Jiko

Tangu asubuhi Nadège alikuwa amepiga picha za kujaza ukuta mzima, na zote hazifai. Si kwamba hazikuonekana. Zilionekana vizuri mno: wageni wa mahari wamekaa wima chini ya turubai, mikono magotini, kama watu wanaopigwa picha ya kadi ya uchaguzi. Mji mzima wa Baraka una ugonjwa huo. Mwonyeshe mtu kamera, ataacha kucheka, atafunga kifungo cha shati na kukukodolea macho.

Na Placide, mwalimu wa upigaji picha aliyewaletea yeye na wanafunzi wenzake kamera za kuazima kutoka Uvira, alikuwa ameshasema bila kuzungusha maneno: usimpange mtu, mpige akiwa katika maisha yake, na usitundike sura yake ukutani kabla hajakubali. Maonyesho yalikuwa kesho, katika ukumbi wa parokia. Asiye na picha hata moja ya namna hiyo angeishia hapo, wenzake waendelee na mafunzo. Nadège aliitaka kazi hii mpaka usingizi ulimpaa.

Ndiyo maana alijialika kwenye mahari ya rafiki yake Florentine. Na hapo ndipo alipojikwaa, maana siku ya mahari binti wa watu hacheki. Anainamisha kichwa na kununa, wasije wakasema ana haraka ya kuwakimbia wazazi. Florentine alinuna kwa ustadi hata mchumba wake Wilfried, aliyetoka Kilembwe na ukoo wake wote, akaanza kutokwa jasho. Mama Suzanne, mzazi wa binti, alilia mfululizo. Mashangazi walitazama machozi yake na uso wa binti, wakaridhika kwamba mambo yanakwenda inavyotakiwa.

Wazee walipoingia kwenye suala la mbuzi, Nadège alikata tamaa, akaenda nyuma ya jiko kutafuta maji ya kunywa.

Florentine alikuwa pale! Amevua viatu, amekaa kwenye kigoda, tonge la bukari, ule ugali wa kwao, mkononi, akiwaigizia wapishi jinsi mzee wa akina Wilfried anavyokohoa kila anapotajiwa mbuzi mwingine. Akakohoa, akacheka, akacheka tena mpaka akaegemea ukuta, kitenge kikamteleza begani. Nadège hakufikiri. Alibonyeza.

"We! Unafanya nini?"

"Angalia kwanza! Florentine, angalia!" Nadège alikuwa anarukaruka kama mtoto.

Florentine alichungulia kioo kidogo cha kamera, akaziba mdomo. "Ni mi huyu? Niko muzuri hivi?" Kisha furaha ikamtoka. "Lakini mama, Nadège. Batu batamusema vibaya. Muulize yeye. Akikatala, unafuta."

Basi Nadège alisubiri, roho juu, mpaka wageni walipoaga. Mama Suzanne alikuwa uani akikusanya sahani, macho yamevimba. Nadège alipiga magoti, akamweleza habari ya maonyesho, akamkabidhi kamera kwa mikono miwili.

Mama Suzanne alijifuta mikono kwenye kitenge, akaipokea. Akatazama. Akaendelea kutazama, na Nadège akaona kazi yake inaondoka hivihivi.

"Hii iko ya leo?" mama aliuliza.

"Ya leo, mama."

"Saa bazee bako banaongea mbuzi?"

"Ndiyo, mama. Utanisamehe. Nitaifuta."

"Ufute nini?" Mama Suzanne aliishusha sahani aliyokuwa ameibana kwapani, akakaa chini palepale. "Mutoto yangu, mi nalia tangu juzi. Si kilio ya mahari, hapana. Nilizani hamupendi ule mwanaume. Nilizani anaenda tu juu ya kutufurahisha sisi bazazi, na kule Kilembwe iko mbali. Kila saa namuangalia uso, uso iko mubaya. Nani angeniambia? Mi mwenyewe nilimufundisha kununa!"

Akaanza kucheka, machozi yakimtiririka upya, meno yote nje, kilemba upande. Ilikuwa picha nzuri kuliko zote za siku ile, na Nadège hakuwa na cha kuipigia, maana kamera ilikuwa mikononi mwa mama. Hakujali hata kidogo. Alikuwa anacheka naye.

"Uitundike," Mama Suzanne alisema. "Uiweke kubwa, bashangazi nabo baone." Kisha akainua sauti kuelekea ndani ya nyumba. "Florentine! Kuya hapa! Kuya nikuone."