Pini Midomoni

Mimi nina mdomo, nasema mwenyewe kabla sijasemwa. Ufundi cherehani nilijifunzia katika chumba chenye mashine nane zinazonguruma, ukitaka mkasi lazima upige kelele. Binti yangu ni winga wa kulia wa timu ya shule, na marefa wote walikuwa wananijua. Jumamosi moja refa akatunyima penalti ya wazi kabisa. Nilishtukia niko katikati ya uwanja, na kandambili yangu imeshatua shavuni kwake. Mechi ikavunjika.

Nyumbani binti hakunisemesha. Alikunja jezi yake, akaiweka juu ya cherehani yangu, akaenda kulala.

Kesho yake kocha wao, mama mmoja mpole mpaka anakera, alinifuata dukani. Akasema nikirudia, timu inatolewa mashindanoni. Halafu akaniuliza kama nimewahi kuona kwamba kipindi ambacho upande wa kulia unakuwa karibu na watazamaji, mwanangu anahamia kushoto.

"Hawakimbii mabeki, mama. Anakukimbia wewe."

Nilitaka kubisha, machozi yakanitangulia. Nililia mbele ya mteja niliyekuwa nampindia suruali, mguu mmoja tayari, wa pili bado, maskini hajui aondoke au abaki.

Nilimwomba binti achukue jezi yake arudi uwanjani. Akakubali, lakini mimi nibaki nyumbani. Nikaapa nitakwenda na sitafungua mdomo. Akacheka kwa dharau, akasema mimi hata usingizini nabishana. Hapo alisema kweli.

Sasa, mimi hunyamaza wakati mmoja tu: ninapobana pindo, pini zikiwa midomoni. Basi mechi iliyofuata nilikwenda na gauni la mteja, pindo refu hilo, na pini kumi na mbili. Refa alikuwa yule yule. Nilimfuata kabla hawajaanza nikamwomba radhi. Akanipa mkono, macho yakiwa miguuni kwangu. Nilikuwa nimevaa viatu vya kamba.

Kipindi cha kwanza beki alimkanyaga mwanangu ng'ambo ya uwanja, naona wazi, na filimbi kimya. Nikabana pindo kama nina ugomvi nalo.

Kipindi cha pili timu zikabadilishana magoli, upande wa kulia ukawa mbele yangu. Nikasubiri ahame. Hakuhama. Mpira ukatoka, ukaja mpaka miguuni kwangu, naye akaufuata aurushe. Akatazama pini mdomoni, akatazama gauni. Nilikuwa nimelibana pamoja na sketi yangu mwenyewe. Akacheka, safari hii bila dharau.

"Zitoe, mama," akasema. "Nishangilie."

Nilizitoa moja moja. Na mdomo wangu wote huu, nilipata neno moja tu.

"Haya."

Akarusha mpira, akabaki upande wangu mpaka filimbi ya mwisho.