Kumkagua Mtu wa Kwenye Simu

Mjukuu wangu Vumilia alitumia siku nzima kumfanya msichana wa udongo ainue mkono na kuuweka shavuni. Nilikuwepo. Aliusogeza mkono ule kwa unene wa punje ya mtama, akapiga picha kwa simu, akausogeza tena, akapiga tena. Picha kumi na mbili hutoa sekunde moja tu ya filamu. Jioni tulikuwa na sekunde nane, naye akafurahi kama mtu aliyevuna. Mimi nimefinyanga vyungu hapa Samuye tangu nikiwa binti na najua subira ya udongo, lakini subira kama ile sikuwahi kuiona.

Filamu yenyewe ni ya katuni, ya dakika sita. Msichana na kijana wa udongo wanakutana kwenye mtandao wa watu wanaotafuta wachumba. Wengine huko huulizana, "Uko wapi? Tuma picha." Hawa wawili wanaulizana mambo ya falsafa. Mtu ni nini? Nikikupenda kabla sijakuona, ninayempenda ni wewe au ni maneno yako? Yupo pia bibi wa udongo anayewaingilia mazungumzo, na sauti yake ni yangu. Vumilia alinisomea maneno, nami nikayasema kwenye simu, nikayarudia kila kuku walipotuharibia.

Maneno hayo aliyaandika Theonest, kijana wa Buseresere, huko Chato. Alisoma seminari, akamaliza miaka ya falsafa, ndipo akaona upadre si wito wake. Vumilia alimpata kwenye mtandao wa wachumba, na siku ileile akamwambia kwamba hatafuti mchumba tena, anatafuta mtu wa kumwandikia filamu. Miezi saba wakafanya kazi hivyo. Mjukuu wangu anafinyanga na kupiga picha Samuye, Theonest anaandika na kuunganisha picha na sauti Buseresere. Hawakuwahi kuonana, hata kwa picha. Ndivyo Vumilia alivyotaka.

Alikuwa na sababu. Mwaka juzi alikuwa na mtu wa Geita aliyemwahidi ndoa kwenye simu. Siku moja alimpigia, akapokea mke wa yule mtu. Vumilia huchora vibao vya maduka mjini Shinyanga, lakini baada ya simu ile alikaa wiki mbili bila kugusa brashi.

Sasa filamu ilibaki sehemu ya mwisho tu. Akaniambia, "Bibi, nikimaliza hii nafuta namba ya Theonest."

"Amekukosea nini?"

"Hajanikosea."

"Basi?"

"Ndiyo maana nataka kuifuta sasa."

Usiku sikupata usingizi mzuri. Zamani kwetu mchumba alikaguliwa. Shangazi yangu alikwenda kwa akina mume wangu akisema amepotelewa na mbuzi. Akakaribishwa, akakaa mpaka jioni, na huyo mbuzi akasahau hata kumuulizia. Aliporudi alisema, "Hawafokeani mbele ya mgeni, na mgeni akiondoka hawafokeani pia, nilisimama nyuma ya ua nikasikiliza. Mpeni binti." Nikajiuliza, huyu wa kwenye simu nani atamkagua?

Nikamwambia Vumilia naenda Geita kumsalimia mdogo wangu Lusia. Ilikuwa kweli, ila haikuwa kweli yote. Nililala kwa Lusia, na asubuhi nikapanda gari la Buseresere.

Theonest ana duka la kuchapa barua na kupiga picha, karibu na barabara ya Biharamulo, Vumilia alikuwa amenisimulia. Nikasimama mlangoni.

"Hodi hapa."

Kijana mfupi mwenye miwani aliinua kichwa kutoka kwenye kompyuta. Akanitazama kidogo, akasimama. "Karibu, bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Nataka picha ndogo, za kadi ya bima."

"Utazipata. Niruhusu kwanza nimmalize huyu bwana harusi."

Bwana harusi alikuwa mchimbaji aliyeitwa Bujiku. Alikuwa ametoka shimoni asubuhi hiyo, vumbi bado limo masikioni, na juu amevaa koti la suti. Alitaka picha ya kuweka kwenye mtandao wa wachumba.

"Niwekee gari nyuma yangu," akasema. "Jeupe. Na haya mapengo uyajaze."

"Mangapi?"

"Mawili tu. Sitaki kudanganya sana."

Watu dukani wakacheka. Theonest hakucheka. "Bujiku, ukiweka gari, dada wa watu atashuka stendi anatafuta gari. Utambeba mgongoni?"

"Bila gari nani atanijibu? We padri uliyeponyoka, njaa hii huijui."

"Naijua. Niambie, wenzako wakiogopa kushuka shimoni, wewe unafanya nini?"

Bujiku akafikiri. "Naimba."

"Basi andika hivyo chini ya picha. Wenzangu wakiogopa, mimi naimba. Mapengo yaache, ndiyo unayoimbia."

"Na koti?"

"La nani?"

"La Abel."

"Mrudishie Abel."

Bujiku alilivua palepale, akapigwa picha na fulana yake, na alipojiona kwenye kompyuta alitabasamu. Nikaona kijana huyu amemfanya mtu ajitazame bila kuona haya.

Kisha mama mmoja akampa simu amsomee ujumbe. Theonest hakuusoma kwa sauti. Alizunguka meza, akainama, akamsomea polepole sikioni ili sisi wengine tusisikie. Sijui ulisema nini. Nilimwona yule mama anafuta macho, na Theonest anajifanya anatafuta karatasi ili asimtazame.

Zamu yangu ilipofika alinisogezea kiti, akanipa maji, akanipiga picha mara tatu kwa sababu mbili za kwanza nilifumba macho.

"Jina, bibi?"

"Mariana," nikadanganya.

Akaandika Mariana kwenye bahasha. Wateja walipokwisha akakaa mbele yangu, mikono magotini kama mtoto aliyeitwa na mwalimu.

"Bibi, pale unaposema, 'Macho huona mlango tu, nyumba hukaliwa,' mwishoni umekohoa. Vumilia alitaka nikikate hicho kikohozi. Mimi nimekiacha. Ni kizuri."

Maji yalinipalia. "Umenijua saa ngapi?"

"Uliposema hodi. Nimekaa na sauti yako wiki tatu, neno kwa neno. Najua hata unapovuta pumzi."

"Mbona hukusema?"

"Umetoka mbali kunikagua. Ningesema, ungeona aibu ukaondoka kabla hujamaliza."

Nilicheka hadi kitambaa kikateleza kichwani. Nimeishi miaka mingi, sikumbuki mtu aliyenitunzia heshima yangu kwa namna hiyo, akaniacha nimdanganye ili nisiumie.

"Sasa nimwambie nini Vumilia?"

"Ulichokiona." Akavua miwani, akaifuta muda mrefu. "Lakini kuna usichokiona. Nilipotoka seminari nilimchumbia binti mmoja wa Katoro. Posa ikakubaliwa, kisha nikaivunja. Nilikuwa nimechumbia ili watu waache kuniita padri aliyeponyoka. Binti wa watu alilia mbele ya wazazi wake. Vumilia hajui."

Nilikuwa nimeshampenda kijana huyu, na sasa nilitamani kumchapa.

"Hilo sitakubebea," nikamwambia. "Ni mzigo wako."

"Ni wangu. Nitampigia leo."

"Akifuta namba je?"

"Atakuwa anajua anamfuta nani."

Nilirudi kwa Lusia, na kesho yake nikashika njia ya nyumbani. Njiani kote nilikuwa naomba Mungu, bila kujua naomba lipi.

Vumilia alikuwa mlangoni. "Karibu, Bibi Mariana," akasema, na uso wake haukuwa na mzaha. "Umeniaibisha."

"Nisamehe, mjukuu wangu. Niliogopa."

"Uliogopa nini?"

"Kwamba utamfukuza mtu mwema, au utamkaribisha mbaya, na mimi nimekaa hapa nakandakanda udongo."

Akanipokea mzigo, tukaingia ndani. Akanipa chai na viazi, akaniacha nile nishibe, na hapo nikajua hasira yake haina mizizi. Ndipo akasema, "Amenieleza habari za Katoro. Sikumuuliza."

"Ukasemaje?"

"Nililia kwanza. Nilimlilia yule dada, maana najua alivyojisikia. Kisha nikamuuliza Theonest kama alimwomba radhi. Akasema alikwenda kwa wazazi wa yule dada akafukuzwa, akarudi akafukuzwa, mara ya tatu baba yake akamsikiliza. Yule dada mwenyewe hakutoka chumbani. Theonest hakusema kwamba alisamehewa, bibi. Angeweza kunidanganya hapo, nisingejua."

"Na namba?"

"Yule wa Geita nilimgundua mwenyewe. Huyu amejieleza." Akakusanya makombo ya viazi mezani kwa kiganja. "Nimemwambia aje Jumamosi. Haji kuposa, wewe usianze kukanda unga. Anakuja kumaliza filamu."

Alikuja na dada yake mkubwa, Nelly, kama inavyofaa, wakafikia nyumba ya wageni mjini. Vumilia alisimama akamtazama toka miguuni hadi kichwani.

"Kumbe mfupi."

"Hukuuliza."

"Falsafa yote ile, hukupata pa kulisema?"

"Niliandika kwamba mtu si kimo chake. Ukaikata, ukasema inachosha."

Nelly alicheka mpaka akashika ukuta. Mimi nilikwenda kuwatilia chai, na niliporudi walikuwa wameshakaa mbele ya meza ya kupigia picha, bado wanabishana iwapo wale wawili wa udongo wakutane mwishoni au wasikutane. Vumilia akamkabidhi yule kijana wa udongo.

"Wewe msogeze wako, mimi wangu. Kidogo kidogo. Ukiharakisha inaonekana."

Theonest alimsukuma kupita kiasi. Kijana wa udongo akaanguka na mkono ukakatika. Theonest akawa anatazama kile kipande mezani kana kwamba amevunja kitu cha kanisani. "Nimeharibu," akasema.

Vumilia alikiokota. Akalowesha kidole kwenye bakuli la maji, akaunga pale palipokatika, akalainisha kwa ncha ya kucha, akamrudishia mkononi.

"Udongo upo," akamwambia, macho yake yakiwa kwenye kazi. "Na kesho mkitoka kanisani, mje tena."