Chuma cha Bibi Arusi

...hapo hapo, usiondoe mkono, anasema fundi Vangelis, penseli tayari, na Argiro amesimama kando ya beseni la kuogea, kiganja kimebandikwa ukutani, mimba ya miezi saba mbele yake kama tikiti, anajiuliza alikubalije uongo huu, maana chuma hiki cha kushikia si chake, ni cha mama mkwe wake, Stamata, aliyeteleza mara mbili wakati wa baridi na mara zote mbili akasema anaokota sabuni... ila fundi ana mdomo, jambo likimwingia sikioni linatokea mkahawani kahawa haijapoa, kwa hiyo mama mkwe kamwambia ni cha bibi arusi, mke wa mwanawe, mja mzito, miguu imemvimba maskini, naye Argiro akatazama sakafu, akaitika, miguu yake mizima kabisa... lakini sasa fundi anampima yeye, yeye mrefu kama mlingoti, chuma kikikaa hapa mama mkwe atakining'inia kama popo, na keekee ikishatoboa imetoboa... laiti ile alama ingekuwepo, ile nyeusinyeusi ya kiganja, mama mkwe alipokuwa akishika kila asubuhi akidhani hakuna anayeona, na wiki iliyopita walipaka chokaa nyumba nzima kwa ajili ya Pasaka, na ni yeye, Argiro, kwa brashi yake mwenyewe, aliyeifuta... usawa wa kitovu chake, ndiyo, anaukumbuka... mlangoni mama mkwe anasema kiwe imara, fundi, huyu mtoto hajui kutembea, fundi anacheka, na Argiro angesema nini, miaka miwili hapa hajampinga mtu... basi asiseme, magoti anayo... anayakunja polepole ndani ya gauni, kiganja kinashuka, shubiri moja, moja na nusu, chokaa inamchafua vidole...

"Umefupika, bibi arusi?"

"Ndivyo ninavyooga," anasema, masikio yakimwaka moto, na mlangoni mama mkwe anakitazama kile kiganja, anapatazama mahali pale, anapajua, anakohoa.

"Usimchoshe mtoto, fundi. Weka alama hapo hapo alipo."

Na penseli haijagusa ukuta bado, magoti yanatetemeka, tumboni teke, na Argiro anaumeza mcheko, kumbe ni rahisi hivi, kando ya choo napo panataka chuma, na ile ngazi ya uani, bado miezi miwili ya kuvimba miguu, ataivimbisha mpaka nyumba nzima iwe na vyuma vya mama mkwe...