Kaka Yangu Kochi

Jana usiku niliota kochi la nyumbani limelala kitandani kwangu, limejifunika blanketi langu, na mimi nimetandikiwa mkeka chini.

Nikaliambia, "We, shuka."

Likafungua jicho moja. Jicho lenyewe kifungo, vile vifungo vilivyopo kwenye mgongo wa kochi. "Mdogo wangu," likasema, "huko shule ulikokimbia hawakukufundisha kuongea na wakubwa?"

"Mkubwa nani?"

"Mimi. Baba alimaliza kunitengeneza mwaka mmoja kabla hujazaliwa. Kaanza Oliva, nikafuata mimi, halafu wewe. Amkia."

Nikapiga hesabu pale mkekani. Ikawa kweli.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Sasa niambie, kwa nini unanipeleka kwa kuku?"

Hilo suala la kuku halikuwa la ndotoni, lilikuwa la kweli kabisa. Shemeji Gaudence, mume wa dada Oliva, yuko kwetu Mafinga wiki hii, katokea Dar. Kaingia sebuleni, kaangalia kushoto, kaangalia kulia, kasema, "Mama, hili kochi limeshamaliza kazi yake. Nakuletea makochi ya kijivu, ya kisasa, yanakunjuka." Mama akamwongezea chai. Jioni akaniita jikoni. "Yusto, wewe si fundi rangi? Nitafutie rangi ya sebule itakayolipendeza kochi la baba yako. Likipendeza, linabaki. Lisipopendeza, Jumamosi Gaudence alete yake, hili liende bandani, kuku walalie."

Kuku! Kochi ambalo baba kalitengeneza kwa mikono yake, kapiga randa mbao moja moja, halina msumari hata mmoja, limevaa mahameli ya kijani cha chupa. Hiyo kijani lakini nakwambia kwa kukumbuka tu. Baba alipofariki, mama alilifunika vitambaa vya kufuma mgongo mpaka mikono, na toka hapo hakuna aliyeliona. Seti ya pinki ikifuliwa, linavaa nyeupe. Kinachoonekana ni miguu.

Na mimi shule sikumaliza, siyo siri, ila nenda pale stendi uliza lile ghorofa la kona kapaka nani. Watakutajia jina langu. Sasa fundi kama mimi nilikuwa nimejaribu vipande vitatu kwenye ukuta wa mama yangu mwenyewe, pinki ya kuendana na vitambaa, chungwa, na bluu, na vyote vimekataa. Nikaenda kulala na hasira.

Ndiyo nikaliambia kochi, "Sikupeleki kwa kuku. Natafuta rangi."

"Unatafuta wapi?"

"Ukutani."

"Mh. Twende nikaone."

Likashuka kitandani, likatangulia. Linatembea kama ng'ombe wa mahari, halina haraka, linajua linatazamwa.

Nafungua mlango wa sebule. Sebule haipo. Pale ni uwanja wa mpira, watu wamejaa mpaka juu ya miti. Ukuta wa pinki umevaa bukta, unapasha misuli. Shemeji Gaudence ndiye refa, kavaa kijivu mpaka soksi.

Fundi Mbata, aliyenifundisha kazi, alikuwa anasema kila siku, ukuta usishindane na kochi. Nilijua ni msemo tu. Kumbe ni mashindano, na sisi tumechelewa.

Filimbi inalia. Ukuta unachomoka. Kochi linatembea.

"Kimbia kaka!"

"Mimi sikimbii," likasema, halijageuza hata shingo. "Mimi nakaliwa. Nimekaliwa na padri mimi. Nimekaliwa na diwani kabla hajawa diwani. Mjomba wako Asheri alinikalia mwezi mzima, eti anasubiri mvua ikatike. Umesikia nimekimbia?"

Ukuta ukashinda. Uwanja mzima unaupigia makofi ukuta, macho yote kwenye pinki, na kochi limesimama katikati ya watu hakuna anayeliona. Mama yuko jukwaani, anamuuliza jirani yake, "Hivi pale nyumbani tulikuwa tunakaliaga nini?"

Hapo ndipo nikaogopa.

"Kochi halionekani!" shemeji akapaza sauti. "Bandani!"

"Subiri wewe," nikamwambia. "Pinki kafungiwa. Kacheza rafu. Bado rangi mbili."

Nikageuka, tuko sebuleni. Nje ni mwezi wa saba, na baridi ya Mafinga mwezi wa saba hata mbwa anaomba aingie ndani. Fundi Mbata alisema pia, nyumba ya baridi ipakwe rangi ya joto. Nikagusa ukuta wa chungwa, nikarudisha mkono haraka. Umeniunguza.

Mama anavua sweta. Chini ya sweta kuna sweta, anavua na hilo. Anapita kuku, anachutama katikati ya zulia, anataga. Shemeji analiokota yai, analigonga kwenye goti, analimenya. Limeshaiva.

"Chumvi iko wapi?" anauliza.

"Kabatini," nikamjibu. Sikutaka aone kwamba nimeshangaa.

Kochi linatiririka jasho, vitambaa vimegandamana. "Mdogo wangu," likaniambia taratibu, kama mtu asiyetaka wageni wasikie, "ndani nina sponji. Nikiloa mimi mtanianika mpaka Pasaka."

Nikakimbilia bluu. Baridi ikaingia kama imeitwa. Shemeji alikuwa ndiyo anaanza kusema "kijivu", ulimi ukagandia kwenye "kiji", akabaki hivyo, mdomo wazi. Kwa hilo tu nilitaka bluu ibaki. Lakini mama meno yanagongana, na miguu ya kochi nayo inagongana, na ile miguu baba kaichonga mwenyewe. Nikasema hapana.

Mlangoni: "Hodi!"

Watu watatu wanagombea kuingia. Wa kwanza kavaa kofia ya sufu, ananusa kama anatafuta chai ilipo. Wa pili ni jitu kifua wazi, sauti kama ya mnadani. Wa tatu bibi mmoja mpole, khanga yake imeiva kama udongo wa tofali. Sikuhitaji kuambiwa. Fundi Mbata alisema, usiiamini rangi mpaka imeonwa na Asubuhi, na Mchana, na Jioni. Wamekuja wenyewe, tena siku moja.

"Kamwene," akasalimia Asubuhi.

"Kamwene," mama akaitikia, akawavutia viti.

Kila mmoja akisogea, mwanga wa chumba unamfuata. Mchana kaisogelea pinki, ikawa kama nyama ya buchani. Kasogea Jioni, ikawa uji wa ulezi. Asubuhi kaitazama tu, akapiga chafya.

"Sisi tumekuja kumwona mwenye ukuta," Jioni akasema. "Yuko wapi?"

"Huyu hapa bibi," nikaonyesha kochi.

"Huyu? Mbona naona vitambaa tu, mjukuu wangu."

Mchana akaangua kicheko, kioo cha dirisha kikatikisika. "We kijana! Umekipakia rangi kitambaa? Kitambaa kinafuliwa! Kikifuliwa kinaanikwa! Utakuwa unabadilisha ukuta kila kamba ikijaa nguo?"

Shemeji naye kacheka. Ulimi wake ulikuwa umeshayeyuka.

Nisiseme uongo, iliniuma. Fundi mzima. Nimepaka ghorofa la kona.

"Toa vitambaa," Mchana akaniamuru.

Nikamtazama mama. Mama kainama, anafuma, na kile anachofuma kimeshapita magotini, kimefika chini, kinaelekea kwenye kochi chenyewe.

"Ukitoa litachakaa," akasema bila kuinua uso. "Vumbi. Jua. Na mnavyokaa na masuruali yenu ya rangi. Kila kitu alichoshika baba yako kimechakaa, Yusto. Kimebaki hicho."

Mchana akarudi kwenye kiti chake.

"Basi asitoe," Jioni akasema. "Aingize mkono. Rangi ya ukuta hutolewa ndani ya kochi, hata huyo fundi wako aliyekufundisha anajua."

Nikalisogelea kochi. "Kaka, samahani."

"Nawa kwanza," likasema.

Nikanawa. Nikaingiza mkono pale katikati ya mito. Nikashika kitana cha dada Oliva. Nikashika rimoti ya tivii ambayo hatunayo tena. Nikashika mbegu ya parachichi iliyoanza kuota. Halafu mkono ukanishika mimi. Mkavu, una magamba ya gundi. Ukanivuta, nikapita mzima mzima, hata viatu.

Ndani ni karakana.

Ile ile ya baba, nyuma ya soko. Siku hizi pale pana kinyozi, lakini huku ndani bado ni karakana. Baba kainamia mbao ya paini, anapiga randa. Hajazeeka, hajaongezeka chochote.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Mlango."

"Nimefunga."

"Umerudishia. Funga. Baridi hiyo."

Nikaenda nikafunga. Nikarudi nikasimama. Baba hana maneno mengi, hata nilivyokuwa mdogo ilikuwa hivyo, unasimama tu mpaka akumbuke kwamba upo.

"Kaka yako anasemaje?" akaniuliza.

"Anaringa."

"Nilimtengeneza aringe." Akapuliza vumbi kwenye randa. "Kochi la fundi likijidharau, nani atalikalia?"

"Baba, wanataka kumpeleka kwa kuku. Nimejaribu rangi tatu, zimekataa. Niambie nipake ipi."

Akanishangaa kweli. Akaacha kazi.

"Mimi?" akasema. "Mimi wa mbao. Wa rangi ni wewe. Toka lini fundi anamchagulia fundi mwenzake?"

Fundi mwenzake! Kaniita hivyo, na hakuna aliyemlazimisha. Nilitamani shemeji angekuwepo asikie.

Baba akarudi kwenye mbao. Anasukuma randa, taratibu, toka mwanzo wa mbao mpaka mwisho, haachii. Kwenye meza pembeni kuna jora la mahameli, ndiyo limefunguliwa, kijani cha chupa, kipya, hakijaona jua wala kitambaa. Ukanda wa maranda unatoka kwenye randa, mrefu, mwembamba, unajiviringa, unaanguka.

Unaangukia juu ya kijani.

Nikatazama. Siyo nyeupe, siyo njano. Ni ile rangi ya mbao pale ngozi yake ya ndani inapotoka, rangi ya asali iliyochanganywa na maziwa mengi. Kwa Asubuhi itatulia. Kwa Mchana haitapiga kelele. Kwa Jioni itaiva. Na ile kijani juu yake imekaa kama mfalme kwenye kiti chake, hakuna anayeshindana naye.

"Hii baba."

"Hiyo nini?"

"Rangi."

Baba akasogea. Akainamisha kichwa upande huu, akainamisha upande ule, kama anavyokagua mguu wa meza.

"Mh," akasema.

Wewe humjui baba. Watu wamemaliza vyuo wana vyeti ukutani, mimi nina hiyo "mh", na sibadilishani na mtu.

Akauokota ule ukanda, akanichomeka nyuma ya sikio, pale yeye anapowekaga penseli. "Nenda. Na ukitoka..."

"Mlango," nikasema.

"Eeh."

Nikaamka. Nimelala chini, blanketi liko kitandani peke yake. Kumekucha, nasikia mama anasugua masufuria, nasikia shemeji anakohoa sebuleni.

Nikajikuna kichwa. Nyuma ya sikio pana kitu.

Kwetu maranda siyo ajabu, banda zima la kuku tumetandaza maranda. Lakini hayo ni ya mashine, makombo makombo, ukifungua kiganja yanapeperuka. Huu ulikuwa ukanda mmoja, mzima, mwembamba mpaka unaona kidole upande wa pili, umejiviringa toka mwanzo mpaka mwisho. Mbichi. Unanukia paini iliyokatwa leo.

Nikatoka nao mpaka sebuleni, nimeushika kwa vidole viwili. Mama alikuwa anaweka chupa ya chai mezani. Akauona, akaiacha chupa.

"Umeutoa wapi?"

"Nimeota."

Akauchukua. Akaunusa, muda mrefu. Akaunyoosha taratibu, akauachia, ukajiviringa wenyewe tena.

"Si takataka za kuku hizo?" shemeji akauliza.

"Gaudence baba, kunywa chai," mama akamjibu.

Halafu akaenda kwenye kochi. Alianza na kitambaa cha mkono, akaja cha mgongo, akavikunja kimoja kimoja, akavipakata. Kijani ikatoka. Jamani, ile kijani! Mama akaulaza ule ukanda juu yake, akarudi nyuma hatua chache, akatazama kochi, akatazama ukuta, akatazama kochi.

"Waambie dukani wakuchanganyie hii," akasema. "Hii hii. Na wewe Gaudence, ya kijivu wapelekee kwenu, wasalimie sana."

Nikauchukua ukanda, nikauweka ndani ya kibiriti usivunjike. Wakati natoka, nikapita mbele ya kochi, nikapunguza mwendo.

"Shikamoo kaka," nikasema, chini chini.

Halikuitikia. Linaringa.